Injini ikitetemeka, usikimbilie kununua maunti

Barabara ya kando ya Tanganyika, kutoka Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, ina Probox nyingi zilizokwisha kuzeeka Japani kabla ya kufika huku. Maswali ya madereva wake hurudi kwenye maunti, ile mipira inayobeba injini.

Fundi, Probox yangu hutetemeka nikisubiri abiria. Ikishika mwendo inatulia. Maunti zimekufa?

Huenda, lakini anza na plagi, koili na petroli. Mafuta yanapoadimika na watu wakajaza kwa madumu, maji na uchafu huingia humo. Silinda moja kati ya nne isipowaka sawasawa, injini inamisi, na hata maunti mpya haitaizuia kutikisika. Tena mtikisiko huohuo ndio utakaoikata mapema. Wengi hubadilisha mpira wakaacha kilichouua.

Basi nitajuaje kama ni maunti kweli?

Fungua boneti, mwenzako akae kwenye usukani, akanyage breki barabara na kuvuta breki ya mkono. Aingize gia ya mbele, aongeze mafuta kidogo, kisha arudishe rivasi. Wewe simama ubavuni, kamwe si mbele ya gari. Injini ikiinuka sana au ikigonga "tup!", kuna maunti iliyoachia. Mulika tochi utafute mpira uliopasuka au uliobanduka kwenye chuma. Maunti nyingine zina maji mazito ndani. Ukiona yamechuruzika, hiyo imekwisha.

Jirani amekata tairi kuukuu akaweka badala yake. Ni ubahili au ujanja?

Ni hasara. Mwaka 1931 Plymouth ya Marekani ilitangaza injini iliyokalia mipira kwa hesabu maalumu, na mwaka uliofuata Citroën ya Ufaransa ikauchukua utaalamu huo. Hesabu yenyewe ni ugumu wa mpira na pembe unayokaa. Tairi ni gumu mno: mtikisiko wote unahamia kwenye bodi, na likikatika injini inavuta paipu za rejeta na ekzosi.

Kazi yenyewe inafanywaje?

Injini ipoe. Weka kipande cha mbao juu ya jeki ndipo uinue chini ya sampo, taratibu, mpaka uzito utoke kwenye maunti. Jeki tupu hutoboa sampo. Usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Fungua maunti moja, funga mpya, ndipo uende nyingine. Bolti zishike kwa mkono kwanza, ushushe injini ikae inavyotaka, halafu kaza. Ukikaza ikiwa imening'inia, mpira utabaki umejipinda na hautadumu.

Za mtumba je?

Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Ukikosa mpya, ibinye, ikunje, ichunguze nyufa. Na kama gasketi ya tapeti kava inavuja, izibe kwanza: oili ikidondokea mpira, huuvimbisha na kuulainisha.