SOMO LA MWEZI: JINA LA URIA

Tusome: 2 Samweli 11:6-25, 2 Samweli 23:39, Mathayo 1:6.



Uria Mhiti alikuwa askari wa mfalme Daudi. Alipoitwa kutoka vitani alikataa kwenda kulala nyumbani kwake, kwa kuwa wenzake walikuwa wakilala kambini. Naye Daudi, aliyekwisha kumtwaa mke wake, alimrudisha vitani, na mkononi alichukua barua ya kifo chake mwenyewe. Akauawa karibu na ukuta wa Raba. Mfalme alipopata habari alimtuma mjumbe amtulize Yoabu, kana kwamba kufa kwa askari ni jambo la kawaida tu.

Lakini Mungu hakukubali jina lile lipotee. Katika orodha ya mashujaa 37 wa Daudi, wa mwisho kutajwa ni Uria. Tena Mathayo, akieleza ukoo wa Bwana wetu, amtaja Uria. Biblia haikificha kifo chake, wala haikumficha aliyekisababisha.

Hapa kwetu, katika Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918, askari na wapagazi wengi mno walikufa kwa risasi, njaa na maradhi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi cha wapagazi hao. Sanamu ya Askari iliwekwa mjini humo mwaka 1927, lakini haina jina la marehemu hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina.

Kumkumbuka askari aliyeuawa si kusifu vita. Ni kukiri kwamba alikuwa mtoto wa mtu, na kusema kweli juu ya kifo chake. Basi tuwaulize wazee wetu majina waliyosimuliwa na babu zao, tuyaandike, na tuyasome kanisani siku ya kuwakumbuka marehemu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini Mathayo hakuliacha jina la Uria?
2. Katika ukoo wako, ni nani aliyekwenda vitani asirudi?

Tuombe: Ee Bwana, uwajuaye waliolala pasipo kaburi, utufundishe kutowasahau, na kuitafuta amani. Amina.