Homa Moja, Vijidudu Mbalimbali
Somo juu ya vijidudu viletavyo magonjwa



Katika nchi yetu ya Ikungi, mtu akishikwa na homa, watu wa nyumbani husema mara moja, "Ni malaria." Hawangoji wala hawaulizi. Mtoto hutumwa dukani kununua vidonge, mgonjwa hunywa, kisha hutazamiwa kupona. Mara nyingi hupona kweli, maana malaria ipo kwetu. Lakini pengine homa hushuka baada ya siku chache, watu wakafurahi, na baada ya juma moja hivi ikarudi tena kwa nguvu. Mgonjwa hutetemeka, na kichwa humwuma sana. Ndipo wengine husema kwamba dawa ilikuwa mbovu, na wengine hutafuta mtu aliyemdhuru mgonjwa. Kumbe dawa haikuwa mbovu, wala hapana mtu aliyemdhuru. Dawa ilikuwa ya adui mmoja, na aliyemo mwilini ni adui mwingine.

Hiyo ndiyo sababu ya somo hili. Twataka kujua vijidudu viletavyo magonjwa ni vya aina gani, na kwa nini yatupasa kuvitenga kila kimoja na jamaa yake.

1. Jinsi vijidudu vilivyojulikana

Vijidudu ni viumbe vidogo sana, visivyoonekana kwa macho matupu. Mtu wa kwanza kuviona vizuri na kuandika habari zake alikuwa Mholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo katika mji wa Delft. Katika miaka ya 1670 alisugua vioo vidogo kwa mkono wake mwenyewe, akatazama maji kwa vioo vile, na baadaye utando wa meno, akaona viumbe vingi vikienda huku na huku. Lakini miaka kama 200 ilipita kabla watu hawajathibitisha kwamba viumbe wa namna hiyo huleta magonjwa.

Waliothibitisha jambo hilo zaidi ni wawili: Louis Pasteur wa Ufaransa na Robert Koch wa Ujerumani. Mwaka 1876 Koch alionyesha kijidudu cha kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe na hata watu. Mwaka 1882 akaonyesha kijidudu cha kifua kikuu. Akafundisha kwamba kila ugonjwa wa kuambukiza una kijidudu chake. Neno hili mkulima wa kwetu hulielewa upesi: apandaye mtama havuni uwele. Vivyo hivyo kijidudu cha kipindupindu hakileti kifua kikuu, wala cha kifua kikuu hakileti malaria.

Lakini tusidhani kwamba vijidudu vyote ni adui. Vilivyo vingi havitudhuru, na vingine hutusaidia. Maziwa hugandishwa na vijidudu. Hata matumboni mwetu vimo vingi vinavyokaa kwa amani. Twasema hapa habari za vile viletavyo magonjwa tu.

2. Jamaa nne za vijidudu

Waganga wa hospitali huvigawanya vijidudu vya magonjwa katika jamaa kubwa nne.

Jamaa ya kwanza ni bakteria. Kila bakteria ni chembe moja hai inayojitegemea. Wengine ni mviringo kama punje, wengine warefu kama fimbo, wengine wamejisokota kama uzi. Huongezeka kwa kujigawanya: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne, na baadhi yao hufanya hivyo kila dakika 20 wapatapo chakula na joto. Mwaka 1884 Hans Christian Gram wa Denmark alipata njia ya kuwapaka rangi. Wengine hushika rangi ya zambarau, wengine huiacha na kuonekana wekundu. Mpaka leo njia hiyo humsaidia mganga kuchagua dawa. Bakteria ndio waletao kifua kikuu, kipindupindu, homa ya matumbo, tauni na kimeta. Tena ndio waletao trakoma, ugonjwa wa macho uliotesa sana watu wa nchi kavu za Dodoma na Singida. Nzi, mikono michafu na kitambaa kimoja cha kufutia nyuso za watoto wote huupeleka kutoka jicho hata jicho. Dawa za kuua bakteria zipo. Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, ni mojawapo, lakini si kila bakteria hufa kwa dawa ile ile.

Jamaa ya pili ni virusi. Hawa ni wadogo kuliko bakteria kwa mbali, hata hadubini ya kawaida haiwaonyeshi. Hawawezi kuongezeka peke yao; hapana budi waingie ndani ya chembe ya mwili na kuilazimisha iwatengenezee wengine. Virusi huleta surua, polio, kichaa cha mbwa, mafua na UKIMWI. Chikungunya pia ni ya jamaa hii. Ilijulikana kwanza mwaka 1952 kusini mwa nchi yetu, katika uwanda wa Wamakonde, na jina lake ni la Kimakonde, kwa sababu mgonjwa hujikunja kwa maumivu ya viungo. Dawa za kuua bakteria haziwezi kitu juu ya virusi. Ziko dawa za pekee kwa baadhi yao, kama zile za kufubaza virusi vya UKIMWI. Na kwa wengi silaha kubwa ni chanjo. Kwa chanjo ndui imekwisha duniani: mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alionekana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ugonjwa umetoweka.

Jamaa ya tatu ni protozoa. Nao ni chembe moja moja, lakini ni wakubwa kuliko bakteria, na maumbile yao yanakaribia zaidi ya chembe za wanyama. Kijidudu cha malaria ni cha jamaa hii. Mfaransa Alphonse Laveran alikiona katika damu ya mgonjwa huko Algeria mwaka 1880, na mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alikiona ndani ya mbu. Kijidudu cha malale, kinachopelekwa na mbung'o, ni cha jamaa hii pia. Vivyo hivyo amiba, anayeleta namna moja ya kuhara damu.

Jamaa ya nne ni kuvu. Hawa ni ndugu za ukungu uotao juu ya mkate wa siku nyingi. Huleta mapunye kichwani mwa watoto, na utando mweupe kinywani mwa mtu aliyepungukiwa na nguvu. Dawa zao nazo ni mbali.

Minyoo haihesabiwi katika vijidudu, maana mingi huonekana kwa macho. Lakini mayai yake ni madogo sana, na kwa hiyo mpimaji huyatafuta kwa hadubini pamoja na vijidudu.

3. Habari ya homa ya papasi

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu ambaye homa yake ilishuka ikarudi. Katika nchi za kati, malaria ina mwenzake anayefanana nayo sana, yaani homa ya papasi. Malaria ni ya protozoa, homa ya papasi ni ya bakteria, mmoja wa wale waliojisokota kama uzi. Mgonjwa mwenyewe hawezi kuzitenga, wala jirani, wala mwenye duka.

Papasi ni ndugu wa kupe, lakini desturi zake ni nyingine. Kupe wa ng'ombe hung'ang'ania mwilini siku nyingi, na kila mtu humwona. Papasi hukaa katika vumbi la sakafu na nyufa za ukuta mchana kutwa. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Asubuhi mtu hamwoni. Nyumba za tembe, zenye sakafu na kuta za udongo mkavu, zilimpa papasi makao mema tangu zamani.

Watu walioivumbua habari hii waliilipia gharama kubwa. Mwaka 1904 na 1905 waganga wawili, Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, walisafiri katika Kongo ya mashariki wakiichunguza homa hii. Walithibitisha kwamba papasi ndiye aipelekaye. Wote wawili waliugua, na Dutton akafa huko Kasongo tarehe 27 Februari 1905, naye angali kijana. Kijidudu hicho kinaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Mwaka huo huo wa 1905 Robert Koch alikuwa katika nchi yetu, iliyokuwa wakati ule koloni la Wajerumani. Aliwachunguza papasi waliokuwa katika vibanda vya kulala wasafiri kando ya njia za misafara. Akaona kijidudu hata ndani ya mayai ya papasi. Maana yake ni hii: papasi mchanga aweza kuzaliwa naye tayari anacho kijidudu, bila kumwuma mgonjwa yeyote. Tena papasi aweza kukaa miaka kadhaa bila chakula. Kwa hiyo nyumba iliyohamwa si salama kwa kuwa tu imekaa tupu.

Na kwa nini homa hii hurudi? Mwili hutengeneza kinga ya kuwaua vijidudu, na homa hushuka. Lakini wachache kati yao wamekwisha kubadili ngozi yao ya nje, kama mwivi abadilivyo nguo ili askari asimtambue. Kinga haiwatambui, huongezeka tena, na homa hurudi. Watu wazima waliozoea nchi pengine huugua kidogo tu. Lakini kwa mama mwenye mimba ni hatari kubwa, maana aweza kuharibu mimba au kuzaa mtoto mfu. Na mtoto mchanga aweza kufa upesi.

Dawa ya malaria haiui kijidudu cha papasi, wala dawa ya papasi haitoshi kuponya malaria. Homa ya papasi hutibiwa kwa dawa za bakteria, kama penisilini au tetrasaiklini, kwa agizo la mganga. Na kwa mama mwenye mimba na mtoto mdogo mganga huchagua ile isiyowadhuru. Yafaa dozi ya kwanza itolewe mahali penye mwangalizi, kwa kuwa vijidudu vinapokufa vingi pamoja, mgonjwa aweza kutetemeka sana na kuzidiwa kwa saa chache.

4. Mambo yanayotupasa

Kwanza, mwenye homa apelekwe kwenye zahanati apimwe, wala asinunuliwe dawa kwa kukisia.

Pili, tujue kila kipimo kinajibu swali gani. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu juu ya kipande kidogo, hujibu swali moja tu: malaria ipo au haipo? Kikisema haipo, hakijasema kwamba mtu hana ugonjwa. Hapo tuombe damu itazamwe kwa hadubini, na tumwambie mganga kama homa ilishuka ikarudi, na kama mgonjwa amelala katika nyumba ya udongo.

Tatu, twende homa ikiwa bado ipo. Homa ya papasi ikishuka, vijidudu hupungua sana katika damu, na mpimaji aweza asivione.

Nne, tusidai dawa za bakteria kwa mafua au kwa kila kikohozi, wala tusiache dozi katikati. Bakteria wasiokufa hujifunza kuishindana dawa, na siku ya haja dawa ile haitatufaa tena.

Tano, tuwaondoe papasi nyumbani. Sakafu ya saruji na ukuta uliopigwa lipu huwanyima mahali pa kujificha. Asiyeweza saruji na azibe nyufa, alale kitandani mbali na ukuta, si chini, na chandarua chenye dawa kichomekwe vizuri chini ya godoro. Walimu wanaosafiri na kulala katika nyumba za wenyeji nao wachukue chandarua.

Mambo haya si magumu. Mama mjamzito aliyeponywa kwa sababu jirani alisema, "Omba watazame damu kwa hadubini," hatajua majina ya Dutton wala Koch. Lakini mtoto wake atazaliwa hai.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Taja jamaa nne za vijidudu, na ugonjwa mmoja wa kila jamaa.
2. Kwa nini dawa ya malaria haiponyi homa ya papasi?
3. Kipimo cha haraka kikisema hakuna malaria, na homa ingalipo, tufanye nini?
4. Papasi hutofautianaje na kupe wa ng'ombe?
5. Katika nyumba yako, papasi angeweza kujificha wapi? Utafanya nini juma hili?