Yordanka Donkova: Vidole Vitatu, Viunzi Kumi

Swali: Kwa nini jina la Donkova halikosekani watu wakizungumzia mita 100 za kuruka viunzi?

Sababu ni sekunde 12.21. Mbulgaria huyu alikimbia muda huo tarehe 20 Agosti 1988, nchini kwao, katika mji wa Stara Zagora. Rekodi ikakaa karibu miaka 28, hadi Kendra Harrison wa Marekani alipokimbia 12.20 jijini London mwaka 2016. Harrison mwenyewe alikuwa hajazaliwa rekodi ile ilipowekwa!

Swali: Ni kweli alikuwa na vidole pungufu?

Kweli. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia kwa ajali ya utotoni. Utasema mbio ni miguu, mkono una kazi gani? Mtazame mkimbiaji akisubiri mlio wa bastola: ameinama, na sehemu kubwa ya uzito wake imeegemea vidole vya mikono. Akichomoka, ana mita 13 tu kabla ya kiunzi cha kwanza, chenye kimo cha sentimita 84 hivi. Baada ya hapo ni hatua tatu, kiunzi. Hatua tatu, kiunzi, mpaka vitimie kumi. Aliyeyumba mwanzoni hana pa kujirekebishia. Donkova alikuwa akiondoka na vidole vitatu upande mmoja, na bado wenzake walibaki kumtazama mgongo.

Swali: Alianza lini kuwa nyota?

Mwaka 1986. Agosti ilipoanza, rekodi ya dunia ilikuwa 12.36, ya Grażyna Rabsztyn wa Poland. Donkova aliifikia kwanza mjini Sofia. Siku chache baadaye, mjini Cologne, akaivunja mara mbili katika siku moja: 12.35, kisha 12.29. Akatwaa ubingwa wa Ulaya mjini Stuttgart, na Septemba akashuka hadi 12.26 mjini Ljubljana. Wabulgaria wakamchagua mwanamichezo bora wa mwaka, na sijui wangemchagua nani mwingine.

Swali: Hakuwa na mpinzani?

Alikuwa naye, tena wa nyumbani. Ginka Zagorcheva alimpokonya rekodi mwaka 1987 kwa 12.25, akatwaa na ubingwa wa dunia mjini Rome. Kwa maoni yangu, bila Zagorcheva pengine 12.21 isingepatikana. Mwezi mmoja hivi baada ya kuirudisha rekodi, Donkova alishinda dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul kwa 12.38.

Swali: Rekodi za miaka ya 1980 zinaaminika?

Wengi wana mashaka nazo, na si bure. Katika Olimpiki hiyohiyo ya Seoul, wanyanyua uzani wawili wa Bulgaria walinyang'anywa dhahabu kwa dawa zilizokatazwa. Lakini kosa la mnyanyua uzani si ushahidi dhidi ya mruka viunzi. Medali ya Donkova iko kwake.

Swali: Baada ya Seoul aliishia wapi?

Hakuishia. Katika Olimpiki ya Barcelona, mwaka 1992, mpinzani wake Gail Devers alijikwaa kiunzi cha mwisho akiwa anaongoza. Paraskevi Patoulidou wa Ugiriki akashinda, Donkova akapata shaba. Miaka miwili baadaye, mjini Helsinki, alipata shaba nyingine, ya mashindano ya ubingwa wa Ulaya. Alikuwa anakaribia kutimiza miaka 33.