Somo: Urithi Mmoja Hukinga, Miwili Huumiza

Katika vijiji vyetu wako watoto wanaougua mara kwa mara. Mikono na miguu huvimba. Mifupa huuma. Macho huwa ya manjano. Damu hupungua. Wako wanaosema mtoto ana shetani, au mama yake ana mkosi. Sivyo. Huu ni ugonjwa wa damu. Unaitwa selimundu, au sikoseli.

Damu ina chembe nyekundu. Chembe nzima ni ya mviringo, nayo hupita katika mishipa kwa urahisi. Chembe za mgonjwa hujipinda kama mundu. Hukwama mishipani, kama vyombo vinavyosongamana katika mlango wa mwamba. Hapo maumivu huanza.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hurithiwa. Kila mtoto hupokea urithi mmoja wa damu kwa baba na mmoja kwa mama. Akipokea urithi wa selimundu kwa wote wawili, huugua. Akipokea kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida huwa mzima.

Tena huyu wa pili ana faida. Vijidudu vya malaria havistawi vizuri katika damu yake. Anaweza kupata homa, lakini ni mara chache malaria kumzidi mpaka kumuua.

Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hiyo. Karibu na pwani na Ziwa Viktoria, wenye urithi mmoja walizidi 20 katika kila watu 100. Kwenye milima ya baridi, penye malaria kidogo, hawakufika hata 1. Mwaka 1954 alieleza sababu. Penye malaria nyingi, watoto wenye urithi mmoja waliokoka zaidi. Walikua, wakazaa, wakaurithisha. Ndiyo maana urithi huu umeenea kwetu pwani.

Lakini kinga hii ina gharama. Mume na mke wakiwa wote na urithi mmoja, huonekana wazima. Hata hivyo, katika kila mimba, nafasi ya kupata mtoto mgonjwa ni 1 kati ya 4. Basi mama asilaumiwe. Mtoto amerithi kwa wote wawili, na hakuna aliyekosa.

Siku hizi malaria imepungua sana Unguja. Faida ya urithi huu imepungua, lakini gharama yake ipo palepale.

Tufanye nini?

1. Wanaotaka kuoana wapimwe damu kwanza.
2. Mtoto mwenye dalili apelekwe hospitali mapema. Anywe maji mengi, na asikose dawa zake.
3. Sote tulale ndani ya chandarua. Mwenye urithi mmoja naye huweza kuugua malaria. Na mgonjwa wa selimundu, malaria ni hatari kubwa kwake.

Maswali

1. Kwa nini ugonjwa huu unaitwa selimundu?
2. Urithi mmoja una faida gani?
3. Kwa nini si haki kumlaumu mama?
4. Jadilianeni: kijana wa Kizimkazi anataka kuoa. Mtamshauri nini?