MAMA KEVINA: MGENI ALIYEGEUKA KUWA MAMA WA WATU

Somo la kusoma na kujadili katika jumuiya ndogondogo



Katika masomo yetu tumezoea kusoma habari za watakatifu wa mbali na wa zamani. Safari hii tunamwangalia mama mmoja ambaye nyayo zake bado zinaonekana katika nchi hii iliyotupokea. Jina lake la kitawa ni Mama Maria Kevin, lakini Waganda na Wasoga walimwita Mama Kevina. Kanisa bado halijamtangaza mtakatifu. Kesi yake ilifunguliwa mwaka 2016 katika Jimbo la Lugazi, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu, ambayo ni hatua ya kwanza. Baada ya hapo Kanisa huchunguza kwa uangalifu kabla ya kumtangaza mtu Mwenye Heri na hatimaye Mtakatifu.

1. Yatima kutoka Ireland

Alizaliwa mwaka 1875 katika wilaya ya Wicklow, Ireland, akapewa jina Teresa Kearney. Baba yake alikufa katika ajali miezi michache kabla hajazaliwa. Alipokuwa na miaka 10 mama yake naye akafariki. Akalelewa na bibi yake, na alipofika miaka 17 bibi naye akaondoka duniani. Wengi wetu katika kambi hii tunajua maana ya habari kama hiyo bila kuelezwa. Wapo watoto kati yetu wanaolelewa na bibi, na wapo waliobaki peke yao.

Mwaka 1895 Teresa aliingia utawa kwa Masista Wafransisko wa Mill Hill, London. Alichagua maneno ya kumwongoza maisha yake yote: kufanya kila kitu kwa ajili ya Bwana.

2. Safari ya kuja Uganda

Wamisionari wa Mill Hill walifika Uganda mwaka 1895 wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon. Walipewa upande wa mashariki, ulioitwa Vikarieti ya Nile ya Juu: kuanzia Nsambya, kuvuka mto Nile kwenda Busoga, hadi Mbale chini ya Mlima Elgon. Askofu aliona kwamba bila masista kazi kati ya akina mama na watoto haitaendelea, akaomba msaada London. Wakatumwa masista 6. Kevin, aliyekuwa na miaka 27, alikuwa mmoja wao. Walifika Nsambya Januari 1903.

Hali ilikuwa ngumu. Miaka ile ugonjwa wa malale ulikuwa unamaliza watu wa Busoga na wa kando ya ziwa. Waliokufa walizidi 200,000. Masista hawakuwa na hospitali. Walianza kutibu wagonjwa chini ya mwembe. Kutokana na mwanzo huo mdogo imetoka Hospitali ya Nsambya tunayoijua leo. Tusidharau basi kazi inayoanzia chini ya mti, maana hata shule zetu nyingi za kambini zilianza hivyo.

3. Kazi zake

Tuchague nne tu.

(a) Wapagazi wa vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza (1914-1918) Waafrika wengi walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Walirudi wamekonda, wana majeraha na kuhara damu. Wakati ule mpagazi hakuhesabiwa kuwa kitu. Mama Kevina aliwapokea Nsambya na kuwahudumia kama watu.

(b) Akina mama wajawazito. Sheria ya Kanisa wakati ule iliwakataza masista kufanya kazi ya ukunga. Yeye aliona akina mama wakifa wakati wa kujifungua. Hakuasi wala hakukaa kimya. Alimtafuta daktari mlei, Evelyn Connolly, na mwaka 1921 wakaanza Nsambya kuwafundisha wasichana wa hapa uuguzi na ukunga, huku watu wa misheni wakiendelea kuiomba Roma. Mwaka 1936 Roma ilitoa ruhusa. Hapa tunajifunza uvumilivu: kufanya linalowezekana leo na kuendelea kuomba lile ambalo bado halijawezekana.

(c) Wenye ukoma. Alisaidia kuanzisha vituo viwili karibu na Jinja: Nyenga, upande wa magharibi wa mto, mwaka 1932, na Buluba, upande wa Busoga kando ya ziwa, mwaka 1934. Siku zile mwenye ukoma alifukuzwa na ndugu zake mwenyewe. Baadaye, kuanzia mwaka 1951, alikuja Buluba daktari Mpolandi, Wanda Błeńska, akakaa zaidi ya miaka 40. Yeye pia sasa ni Mtumishi wa Mungu.

Ndugu wasomaji, ukoma leo unapona kabisa. Dawa zake hutolewa bure, na mgonjwa humeza kwa miezi 6 au 12. Ukiona baka kwenye ngozi ambalo halina hisia, usiende kwa mganga wala usijifiche. Nenda kituo cha afya mapema.

(d) Masista wa hapa. Mwaka 1923, huko Nkokonjeru, alianzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko akiwa na wasichana Waafrika 8. Wengi walisema haiwezekani: msichana asiyeolewa angekuwa nani katika ukoo? Na mahari je? Lakini mbegu ikaota, na leo masista hao wako Uganda, Kenya na Tanzania.

4. Barabara ya Mbale

Ndugu zetu wanaosafiri kwa basi kutoka Kampala kwenda Mbale hupita katikati ya kazi ya mama huyu bila kujua. Karibu na Lugazi kuna shule ya wasichana ya Namagunga, iliyoanzishwa mwaka 1942. Huko alisoma Dk. Specioza Kazibwe, msichana wa kutoka Iganga aliyekuwa Makamu wa Rais wa Uganda kuanzia 1994 hadi 2003. Kusini ya barabara hiyo ni Nkokonjeru. Kabla ya kuvuka Nile kuna njia ya Nyenga, na ukishapita Jinja kuna njia ya Buluba. Mbele kabisa ni Mbale na misheni ya zamani ya Nyondo. Eneo lile la wamisionari sasa lina maaskofu wake: Tororo ilikuwa jimbo mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 1999, na Mbale imo humo. Jinja ilipata jimbo mwaka 1966.

5. Kaburi lake

Mwaka 1955, akiwa na miaka 80, aliacha uongozi, akatumwa Boston, Marekani, kutafuta msaada kwa ajili ya misheni. Alifariki huko tarehe 17 Oktoba 1957. Mwili wake ulipelekwa Ireland ukazikwa. Lakini Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Walisema mama yao lazima arudi nyumbani. Desemba ya mwaka huohuo aliletwa kwa ndege, akazikwa Nkokonjeru.

Sisi hatufanani naye katika kila kitu. Yeye alichagua kuondoka kwao, sisi tulikimbia. Yeye alikuja na shirika nyuma yake. Sisi tulikuja na watoto mgongoni. Tungependa kurudi makwetu, na si dhambi kutamani hivyo. Lakini swali la nani ni mgeni na nani ni mwenyeji hujibiwa pia kwa matendo. Watu wa Uganda walimdai maiti yake kwa sababu alikuwa amewauguza, amewafundisha na kuwazika watu wao. Na sisi, tukiwa bado tunangoja, tunaweza kuwa na faida kwa majirani zetu wenyeji. Bwana alisema kwamba anayempokea mgeni anampokea yeye (Mathayo 25:31-46). Hakusema kwamba mgeni mwenyewe hana wa kumpokea.

Maswali ya jumuiya

1. Nani katika kijiji chetu anatengwa kama walivyotengwa wenye ukoma? Jumuiya yetu itamtembelea lini?
2. Ni kazi gani tunayoisubiri ianzishwe na mashirika, ambayo tungeweza kuianza wenyewe chini ya mwembe?
3. Soma Ruthu 1:15-18. Ruthu na Mama Kevina wanafanana wapi?

Tuombe

Ee Mungu, uliyemfanya yatima kuwa mama wa wengi, uwaangalie yatima na wajane wa kambi hii. Utufundishe kuhudumia wengine hata tukiwa ugenini. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.