Kuacha miwani kwa leza: Pima kabla ya kulipa

MIONGONI mwa maswali ambayo wagonjwa wenye miwani huniuliza mara kwa mara ni hili: "Daktari, nikifanyiwa leza nitaacha miwani kabisa? Na je, pesa hizo zitakuwa zimekwenda mahali pema?" Wengi wao ni vijana walioanza kazi juzi juzi. Wamechoka kupangusa miwani kila mvua inaponyesha, na wamesikia kwamba mwenzao ofisini alifanyiwa upasuaji na siku ya pili yake akaamka akiisoma saa ya ukutani bila kupapasa kitu mezani.

Swali hilo ni la haki, lakini halina jibu moja kwa watu wote. Lengo la makala haya ni kumpa msomaji mambo ya kupima kabla ya kutia sahihi fomu yoyote.

LEZA HUFANYA NINI?

Mbele ya jicho pana utando angavu mfano wa kioo, uitwao konea. Konea hufanya takriban thuluthi mbili ya kazi ya kupinda mwanga ili uangukie retina, yaani pazia la nyuma ya jicho ambapo picha hupokelewa. Jicho likiwa refu kupita kiasi, mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina, na mtu haoni mbali vizuri. Likiwa fupi, shida huwa hasa ya kuona karibu. Na konea ikikosa mviringo sawa, ikawa kama mpira wa raga badala ya mpira wa kandanda, picha huvutika na kuwa na ukungu. Hali hiyo huitwa astigmatizimu.

Miwani huupinda mwanga kabla haujaingia jichoni. Leza, kwa upande wake, huchonga konea yenyewe ili ifanye kazi ya miwani.

Upasuaji huu si wa majaribio. Jicho la kwanza lenye kuona kufanyiwa ile aina iitwayo PRK lilifanyiwa Marekani mwaka 1988. Karibu na mwaka 1990, daktari Ioannis Pallikaris wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, alibuni njia ya LASIK, ambayo ndiyo watu wengi huizungumzia. Serikali ya Marekani iliidhinisha mashine ya leza kwa kazi hii mwaka 1995.

Tofauti ya njia hizo ni hii. Katika LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba juu ya konea, hukifunua, huchonga kwa leza, kisha hukirudisha. Maumivu ni machache na mtu huona upesi. Katika PRK hakuna kifuniko. Ngozi laini ya juu huondolewa kisha ikaachwa ijiotee yenyewe. Maumivu huchukua siku kadhaa, na macho huhitaji wiki nyingi kutulia. Hata hivyo, PRK huwafaa wenye konea nyembamba, na wale ambao kazi au mchezo wao unaweza kuwatia kipigo cha jicho, kama vile wanamasumbwi. Njia ya tatu, SMILE, hutoa kipande kidogo cha konea kupitia tundu dogo.

HESABU YA KONEA

Hapa ndipo msomaji anapaswa kutulia. Konea ya mtu wa kawaida ina unene wa karibu maikroni 540 katikati, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, wana konea nyembamba kidogo kuliko Wazungu.

Tuchukue mfano. Kifuniko cha LASIK kinakula maikroni 110 hivi. Kila dayopta moja ya miwani, ile namba iliyoandikwa kwenye cheti chako, inakula maikroni 12 hadi 15. Mtu wa miwani ya dayopta 5 atachongwa maikroni kama 75. Ukitoa 110 na 75 katika 540, anabakiwa na 355. Huyo yuko salama, kwani madaktari wengi hawataki kibakie chini ya 250.

Sasa mchukue mtu wa dayopta 10 mwenye konea ya maikroni 490. Atachongwa kama 150. Ukitoa 110 na 150, anabakiwa na 230. Huyo hafai kwa LASIK hata akiwa na pesa gunia zima. Konea iliyodhoofishwa huweza kuvimba mbele polepole, miezi au miaka baadaye, na kuharibu uwezo wa kuona kiasi ambacho hata miwani haisaidii. Jambo hilo ni nadra, lakini likitokea ni msiba.

NANI ASIFANYIWE?

Kwanza ni mtu wa umri chini ya miaka 18, na yeyote ambaye namba ya miwani yake imebadilika kwa zaidi ya nusu dayopta katika mwaka uliopita. Ukichonga jicho ambalo bado linabadilika, utarudia miwani.

Pili ni mwenye konea iliyochongoka kama pia. Ugonjwa huu huanza katika ujana, na unahusishwa na kusugua macho sana. Watoto wengi hapa kwetu wana mzio wa macho unaowasha, nao hukua wakiyasugua mchana na usiku. Ikiwa wewe ni mmoja wao, mwambie daktari waziwazi. Konea kama hiyo ikichongwa kwa leza ya kuondoa miwani, huharibika haraka zaidi.

Tatu ni mama mjamzito au anayenyonyesha, kwa kuwa homoni hubadilisha namba ya miwani. Nne ni mwenye macho makavu sana. Tano ni mwenye kisukari kisichodhibitiwa, au ugonjwa wa baridi yabisi unaotokana na kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, au upungufu wa kinga, kwa sababu kidonda chake huenda kisipone inavyotakiwa.

Tena tusichanganye mambo. Mtoto wa jicho hauondolewi kwa LASIK. Huo una upasuaji wake wa kubadilisha lenzi. Leza inayotumiwa kwa macho ya wagonjwa wa kisukari, au kwa presha ya macho, ni tiba nyingine kabisa. Ukisikia mzee amefanyiwa leza hospitalini, usidhani alikuwa akiacha miwani.

KIZURI HAKIKOSI ILA

Wengi waliochaguliwa vizuri hufurahi. Utafiti wa idara za serikali ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, uliwafuata wanajeshi na raia 574 waliokuwa wakienda kufanyiwa LASIK. Zaidi ya asilimia 95 ya waliojibu baada ya upasuaji walisema wameridhika na jinsi wanavyoona.

Lakini utafiti huo huo ulikuwa na upande wa pili. Miongoni mwa wale ambao hawakuwa na dalili kabla, zaidi ya 4 katika kila 10 waliripoti jambo jipya miezi 3 baadaye: miale kuzunguka taa, duara za mwanga, au kuona kivuli cha picha. Katika kundi la raia, takriban asilimia 28 ya waliokuwa na macho yenye unyevu wa kutosha walipata dalili za ukavu. Waliosumbuliwa sana na dalili za kuona katika shughuli za kila siku walikuwa chini ya asilimia moja.

Takwimu hizi zisomwe kwa pamoja. Mtu anaweza kuridhika na bado akaona miale usiku. Swali ni kama miale hiyo itakugharimu kitu.

WATU WATATU

Mfikirie karani wa miaka 26, miwani ya dayopta 4, namba haijabadilika kwa miaka 2, konea nzuri, macho yasiyo makavu. Huyu ana sababu ya kufikiria leza. Ikiwa sasa anatumia lenzi za kuvaa jichoni na ana tabia ya kulala nazo, au kuziosha kwa maji ya mfereji, anajiweka katika hatari ya kidonda cha konea kila wiki. Kwake leza huenda ikawa na hatari ndogo kuliko mazoea aliyo nayo.

Mfikirie sasa dereva wa basi la usiku, miaka 38. Kazi yake ni kutazama taa za magari yanayomjia kuanzia machweo hadi alfajiri. Miale michache isiyomsumbua karani yaweza kumwondolea huyu mkate wake, na kuhatarisha abiria. Akitaka kufanyiwa, lazima aongee na daktari juu ya kazi yake mapema, na awe tayari kukaa nje ya usukani hadi macho yapimwe na kupitishwa.

Wa tatu ni mwalimu wa miaka 46, dayopta 2, ambaye huvua miwani yake ili asahihishe madaftari. Baada ya miaka 40 na kitu, lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, na sote tunaanza kusogeza gazeti mbali. Mimi mwenyewe nimefika umri huo na miwani ya kusomea iko mfukoni. Leza ya konea haizuii jambo hilo. Mwalimu huyu akirekebishwa aone mbali kwa macho yote mawili, atapoteza ule uwezo wa kusoma bila miwani. Ataacha miwani moja na kununua nyingine. Iko njia ya kurekebisha jicho moja lione mbali na la pili karibu, lakini ajaribu kwanza kwa lenzi za kuvaa, maana si kila ubongo unaikubali hali hiyo.

KALAMU NA KARATASI

Tuje kwenye mfuko. Andika bei ya miwani yako na mara unazoibadilisha. Kwa mfano, ikiwa miwani ni Sh12,000 na unaibadilisha kila miaka 2, kuanzia umri wa miaka 26 hadi 45 utanunua mara 9 hivi, jumla Sh108,000. Nimeishia 45 kwa sababu baada ya hapo huenda ukahitaji miwani ya kusomea hata kama ulifanyiwa leza. Linganisha jumla yako na bei utakayotajiwa kwa macho yote mawili, pamoja na vipimo, dawa za matone, na siku za kazi utakazokosa.

Wengi watakuta kwamba kwa pesa peke yake leza haijilipi. Basi unanunua raha na uhuru, na hakuna ubaya, mradi pesa hizo zisiwe karo ya mtoto au mkopo wa Sacco wenye riba ya miaka mitatu. Kampuni nyingi za bima huuhesabu upasuaji huu kuwa wa hiari. Ukiambiwa utalipiwa, pata neno hilo kwa maandishi.

MASWALI YA KUULIZA

Ukifika kliniki, uliza haya. Konea yangu ina unene gani, na ramani yake inaonyesha nini? Nitabakiwa na maikroni ngapi? Kwa nini mmenichagulia njia hii na si ile? Bei hii inajumuisha kurudi kuangaliwa, na marudio ya leza yakihitajika? Atakayenipasua ni nani, na je, ni daktari bingwa wa macho aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari, KMPDC? Jicho likiuma usiku, nimpigie nani simu? Swali hili la mwisho lina uzito zaidi kwa wanaosafiri hadi India au kwingineko. Atakayekuangalia wiki ya pili ukiwa umesharudi nyumbani ni nani?

Kabla ya kupimwa, acha lenzi laini za kuvaa kwa angalau wiki 2, na zile ngumu kwa wiki 3 au 4, la sivyo vipimo vitadanganya. Baada ya upasuaji, usisugue macho, usipake wanja wala kuogelea hadi daktari akuruhusu, na uvae miwani ya jua, hasa uliyefanyiwa PRK.

Mwisho, omba nakala ya vipimo vyako vya kabla na baada, uvitunze kama hati ya shamba. Konea iliyochongwa hufanya kipimo cha presha ya macho kionekane cha chini kuliko ilivyo kweli, na presha ya macho huiba nuru ya Waafrika wengi kimya kimya. Vipimo hivyo vitahitajika tena siku utakapopata mtoto wa jicho. Pia, ikiwa miwani yako ilikuwa ya namba kubwa, jicho lako bado ni refu hata baada ya leza. Ukiona vimulimuli, madoa meusi mengi ya ghafla, au kama pazia linashuka upande mmoja, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Retina huenda inabanduka.

Na ukipewa bei ya punguzo inayokwisha kesho kutwa, iache ipite. Miwani yako haina haraka, na itakungoja mpaka upate majibu ya maswali yako yote.