Neno "Charity" na Wakfu Zetu

Amma baad. Katika darasa letu la hapa Buxton wanafunzi hupenda kuuliza tafsiri za maneno ya Kiingereza, nao hutaka wajibiwe kwa neno moja. Yapasa wajue kwamba kila lugha ina mipaka yake, na neno la watu wengine haliingii ndani ya neno letu kama upanga uingiavyo alani mwake. Leo tutalisoma neno mashuhuri, "charity", ambalo kila mtoto wa skuli hulifasiri "sadaka" kisha akaenda zake. Tafsiri hiyo si uwongo, lakini ni pungufu. Na kuchanganya maana za neno hili kumewahi kuvunja wakfu za Waislamu wa nchi hii.

Asili yake ni Kilatini, "caritas", neno litokanalo na lile la kukitaja kitu kipendwacho na chenye thamani kubwa. Kutoka hapo likazaa maana nyingi.

Maana ya kwanza ni mapenzi: mapenzi ya mja kwa Mola wake na kwa viumbe wenziwe. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, mlango wa 13, imetumia "charity" pale ambapo tafsiri za baadaye zimeandika "love". Jina hili wapewalo mabinti wengi wa Kenya limetoka katika maana hiyo.

Maana ya pili ni kumpa mhitaji, nayo ndiyo iliyo karibu na sadaka. Lakini Waingereza wakisema fulani aishi kwa "charity", mna ndani yake harufu ya unyonge. Nao wana msemo wa kitu kilicho baridi kama "charity". Kwetu, masimbulizi huibatilisha sadaka. Tena zaka haifai kuitwa kwa neno hili, kwani zaka si hisani ya tajiri, bali ni haki ya wale wanane waliotajwa katika Qur'ani, naye tajiri ni mwenye kuwapelekea haki yao.

Maana ya tatu ni kumdhania mtu mema na kuyachukua maneno yake kwa upande ulio mwema. Hii ndiyo husnu dhana.

Maana ya nne ni chama au jumuiya ya kusaidia watu.

Maana ya tano ni ya mahakamani, nayo ndiyo yenye hatari. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1601 ilihesabu mambo ya kheri, na mwaka 1891, katika kesi ya Pemsel, Lord Macnaghten aliyagawa mafungu manne: kuondoa umasikini, kuendeleza elimu, kuendeleza dini, na mambo mengine yenye manufaa kwa watu wote. Sheria yao haipendi mali ifungwe milele isiuzwe wala isirithiwe, ila ikifungwa kwa ajili ya mafungu hayo. Kuwapa watoto wako na wajukuu wako si "charity" kwa istilahi hii, kwa kuwa manufaa yake si ya watu wote.

Sasa na tuzitazame wakfu zetu. Muislamu hutoa nyumba yake wakfu kwa dhuria wake, kizazi baada ya kizazi, na wakimalizika iwe ya fukara au msikiti. Kwa mwanafiqhi hiyo ni kurba tangu siku ya kwanza. Sayyidna Umar alipoitoa ardhi yake ya Khaybar aliwataja jamaa pamoja na fukara na wasafiri, na Abu Talha alipotaka kulitoa bustani lake la Bairuha, Mtume (S.A.W.) alimshauri awape jamaa zake. Mafundisho yake ni kwamba kumpa jamaa masikini kuna thawabu mbili: ya sadaka na ya kuunga udugu.

Lakini mwaka 1894 majaji wa Privy Council huko London, katika kesi iliyotoka Bengal, walisema kwamba wakfu ya namna hii ni batili ikiwa fungu la fukara ni dogo mno au liko mbali mno. Kisha wakaifuata hukumu hiyo katika kesi ya Kenya, iliyochapishwa katika majalada ya mwaka 1952, na wakfu ile ikavunjwa. La kustaajabisha ni kwamba Waingereza hao hao wana methali isemayo "charity" huanzia nyumbani!

Dawa ilitoka kwa watunga sheria, si kwa majaji. India ilipata sheria yake mwaka 1913, kwa mswada ulioletwa na Muhammad Ali Jinnah. Na hapa Kenya Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951 iliikubali wakfu ya ukoo, kwa sharti kwamba mwisho wake uwe kwa fukara au kwa jambo la kheri la kudumu litambuliwalo na sheria ya Kiislamu.

Wala tusiwalaumu Waingereza peke yao. Wako miongoni mwetu walioifanya wakfu hila ya kuwanyima mabinti mirathi yao, wakamwachia fukara jina tu katika karatasi. Mwenye kufanya hivyo amewapa wageni hoja juu ya sheria yetu.

Basi, ewe ndugu msomaji, ukitaka kuiweka wakfu nyumba yako ya Kibokoni au shamba lako la Kisauni, usitosheke na wakili kuandika neno "charity". Andika kwa lugha uijuayo: ni nani wapewao, kila mmoja kiasi gani, msimamizi ni nani, na wakiisha iende wapi. Kisha mwonyeshe mwanachuoni na mwanasheria, kila mmoja apime kwa mizani yake, kabla hujatia sahihi.

Mwanafunzi naye akiliona neno la Kiingereza, na aulize kwanza: limesemwa na nani, na mahali gani? La sokoni si la mahakamani. Na mwenye kuijua lugha ya watu hataghurika kwa maneno yao. Wabillahi taufiki.